Mzee Pindo na Neno la Mkwe Wake

Jina la Pindo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, hasa akina mama, kwa sababu ya ukaidi wake mmoja: nguo ya mtoto haikutoka kwenye cherehani yake bila pindo la vidole vinne lililokunjwa kwa ndani. Ukimwambia apunguze, eti nguo inakuwa nzito, alikutazama juu ya miwani na kukuuliza kama mwanao ameshaambiwa aache kukua. Mama wa watu ananuna, anabeba gauni lake, anaondoka. Mwaka wa pili huyo huyo anarudi na gauni lile lile, mzee anafumua, anashusha, anapiga pasi, na mtoto anaendelea kuvaa kana kwamba jana ndiyo limetoka dukani.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, limebanwa katikati ya kinyozi na muuza vifaa vya umeme. Ndani kulikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia iliyochakaa pembe, kioo kirefu, na pazia la kona ambako wateja walijaribia nguo. Nyuma ya ukuta ndiko alikolala: kitanda, jiko la gesi, redio, na kiti kimoja. Kiti cha pili alikihamishia dukani mke wake alipofariki, maana kule ndani kilikuwa kinamkodolea macho wakati wa kula.

Mke alimwachia binti mmoja. Binti huyo alikulia chini ya meza ya kukatia, akiokota vipande na kuwavalisha wanasesere, na kabla hajajua kusoma vizuri alijua kumpima mtu mabega. Alipokua akapata kazi ng'ambo, katika nchi ya mbali ambako watu wanaongea Kihispania, akaolewa huko na fundi mwashi, akazaa mtoto wa kike. Kila mwaka, wiki chache kabla ya siku ya kuzaliwa ya mtoto, alituma vipimo vya mjukuu kwa mpangilio ule ule aliofundishwa na baba yake, kuanzia bega hadi goti. Mzee anashona, anafunga, anapeleka posta. Gauni linafika, na linamkaa mtoto sawasawa. Babu na mjukuu hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini mzee aliujua mwili wa yule mtoto kuliko watu waliokuwa wanambeba.

Miaka mitatu iliyopita binti akaugua, na ugonjwa wenyewe haukumpa hata miezi miwili. Makaratasi ya safari ya mzee yalipokuja kukamilika, mazishi yalikuwa yameshafanyika. Akabaki na begi lililofungwa kitandani, hana pa kwenda nalo.

Mkwe alimwandikia mstari mmoja kwa Kihispania, maana lugha ya mkewe hakuwahi kuijua. *Nos hemos quedado solos, la niña y yo.* Simu ya mzee ilikuwa na kile kitu cha kutafsiri, ikampa: tumebaki peke yetu, mimi na mtoto. Alirudia kuyasoma yale maneno ya kigeni mara nyingi, akitaka kujua ni lipi kati yao lenye uzito ule. Jirani yake akamwonyesha kwa kidole: *quedado*. Kubaki. Basi mzee akalijua neno la kwanza la Kihispania maishani mwake, na akalichukia.

Jirani mwenyewe aliitwa Kapteni. Hakuwahi kushika usukani wa kitu chochote. Alichoshika ni mwiko. Alikuwa mpishi kwenye meli za mizigo miaka ishirini na miwili, pamoja na mabaharia wa kila taifa, na Kihispania chake kilikuwa cha jikoni na bandarini, kingi cha matusi. Alipostaafu alipanga chumba juu ya kinyozi, na kila mchana alishuka na ubao wake wa drafti, akaketi mlangoni kwa mzee, wakala kete huku wakitukanana kwa heshima.

Mwaka ule wa msiba, siku ya kuzaliwa ya mjukuu ilipokaribia, hakuna aliyetuma vipimo. Mzee alisubiri. Angeweza kumwuliza mkwe, lakini angeanzaje? Mtu amefiwa na mke, wewe umwambie achukue futi ampime mtoto kiuno? Tena mkwe ni mkwe, hujawahi hata kumshika mkono. Akafungua kabati, akatoa daftari la zamani lenye jalada la bluu. Humo, kila binti yake alipotimiza mwaka, alimsimamisha mbele ya kioo, akampima, akaandika. Akatafuta ukurasa wa miaka saba, umri ambao mjukuu alikuwa anautimiza. Mtoto yule alikuwa amechukua macho ya mama yake na paji la uso la mama yake, picha zilionyesha wazi. Kwa nini asichukue na mabega?

Ndivyo alivyojiambia. Lakini kuna la zaidi, na hilo hakumwambia mtu. Alipoweka chaki kwenye kitambaa na kuanza kuchora vile vipimo, mkono wake ulivikumbuka. Kwa siku nne alizoshona gauni lile binti yake alikuwa na miaka saba tena, yuko hapo mbele ya kioo, anacheka kwa sababu futi inamtekenya kwapani. Mzee aliimba siku hizo. Kapteni alimsikia kutoka nje akashangaa, akadhani labda ameanza kupona.

Gauni likafika. Ikarudi picha, na chini yake maneno: *Le queda muy bien. Gracias, suegro.* Simu ikatafsiri: inabaki vizuri sana kwake, asante baba mkwe. Mzee aliona lile "inabaki" moyo ukamruka. Nini tena kimebaki? Nani amebaki? Lakini picha ilimwonyesha mtoto anatabasamu, akashukuru Mungu, akafunga simu. Mwaka wa pili akashona kwa ukurasa wa miaka minane, na maneno yaliyorudi yalikuwa yale yale. Mwaka wa tatu, ukurasa wa miaka tisa, maneno yale yale. Mwaka mzima mkwe aliandika mara mbili tu: gauni likifika, na siku ya kumbukumbu ya msiba. Mara zote mbili neno lile lilikuwemo.

Safari hii ya tatu mzee alishindwa kuvumilia. Alitoka na simu mkononi, akamkuta Kapteni anapanga kete.

"Hebu acha kwanza huo ubao wako. Hili neno *queda*, maana yake nini hasa? Simu inaniambia kubaki."

"Simu yako imewahi kupanda meli?"

"Nijibu bwana, sina utani leo."

Kapteni akamtazama, akaona kweli hana utani. "Neno hilo lina kazi nyingi, mzee mwenzangu. Mimi nikiwa jikoni, mwenye stoo alikuwa ananifokea kila Jumatatu, *¿cuánto queda?* Anataka kujua unga umebaki kiasi gani. Hapo simu yako imesema kweli. Lakini tukifika bandarini, vijana wanaagana getini, *quedamos a las seis*, maana yake wameahidiana kukutana saa kumi na mbili. Hapo nani kabaki? Hakuna. Ukimwuliza mtu soko liko wapi, anakwambia *queda lejos*. Liko mbali."

"Na mtu akifiwa?"

Kapteni alishusha kete aliyokuwa ameishika. "*Se quedó viudo*. Amebaki mgane. Ndiyo hilo hilo."

"Haya. Na nguo?"

"Nguo! Mimi nilikuwa napika, sikuwa nashona." Lakini akakuna kidevu, akawaza, halafu ghafla akaanza kucheka peke yake. "Subiri. Tulikuwa na kijana mmoja wa mashine, alinunua koti bandarini, akaja kututambia nalo jikoni. Anazunguka hivi, mikono kiunoni, *¿cómo me queda, cómo me queda?* Tukamwambia kama gunia la viazi. Akanuna safari nzima. Alikuwa anauliza limemkaaje."

"Limemkaaje!" Mzee Pindo akapiga paja. Neno hilo alilitumia yeye mwenyewe kutwa mara thelathini. Suruali imekukaa, shati halijakukaa, geuka tuone nyuma linavyokaa. Na mtu hukaa mahali, na mgeni hukaa siku mbili, na kila mtu anaelewa bila kuuliza. Kumbe wale watu hawakuwa wameweka mkosi kwenye gauni la mtoto. Walikuwa wanaongea lugha ya fundi.

Jioni ile aliandika matumizi yote kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la kazi, kila moja na mfano wake: unga, ahadi, soko, mgane, koti. Mwanzoni lilimkera jambo moja: inakuwaje mtu atumie neno moja kwa mke aliyemfia na kwa unga wa stoo? Halafu akakumbuka kwamba asubuhi ile ile muuza vifaa vya umeme alimwuliza kama ana sukari, akajibu haipo. Na wiki iliyopita mteja mgeni alimwuliza habari za mama watoto, akajibu hayupo. Hakuona aibu yoyote aliposema. Kila lugha inabana matumizi, akawaza, na sisi tunajua wenyewe ndani ya moyo lipi ni sukari na lipi ni mtu.

Basi maneno ya mkwe sasa yalikuwa wazi: limemkaa vizuri sana. Alifurahi kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kikombe kilipokwisha, fundi aliyekuwa ndani yake akaamka. Sentensi ile ameisikia maisha yake yote kutoka nyuma ya pazia la kona. Limenikaa vizuri sana, fundi. Nusu ya wanaoisema wanaisema wakiwa wamebana pumzi. Fundi haamini sentensi ile mpaka aangalie mwenyewe, na yeye, kwa miaka mitatu, hakuwa ameangalia. Alikuwa anaangalia uso.

Akachukua simu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili. Akauficha uso wa mtoto kwa dole gumba.

Mshono wa bega ulikuwa umepanda mpaka karibu na shingo. Chini ya kwapa kitambaa kilikuwa kimekunjamana kwa mistari mikali inayovuta kwenda kifuani. Mkono wa gauni, alioukata ufike kwenye kifundo cha mkono, uliishia kidogo tu chini ya kiwiko. Kiuno kilikuwa kimekaa kwenye mbavu. Mtoto amesimama mgongo ukutani, na mzee hakuhitaji kuambiwa kwa nini: zipu ya nyuma haikufungika.

Akatafuta picha ya mwaka wa pili. Mtoto ameketi nyuma ya meza, amevaa sweta juu ya gauni, inaonekana kola tu. Ya mwaka wa kwanza, amekumbatia mto mkubwa kifuani. Wamekuwa wakimpanga mtoto kwa ajili ya picha, akili ikamwambia. Miaka mitatu.

Halafu akaona kitu kingine, na hicho ndicho kilichomlaza chini. Pindo la vidole vinne halikuwepo. Gauni jipya, halijavaliwa hata mara moja, lilikuwa limeshashushwa pindo lote, na mstari wa mkunjo wa zamani ulionekana wazi. Chini kabisa lilishonwa kwa mkono, kwa uzi wa rangi nyingine, mishono mikubwa mikubwa inayopanda na kushuka. Hiyo si kazi ya mwanamke aliyejifunza kushona. Hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea kushika mwiko wa saruji. Mkwe wake ameketi mahali, na sindano, peke yake, akijaribu kulifanya gauni lienee. Alipoona halienei, akamsimamisha mtoto ukutani, akapiga picha, akaandika uongo.

Mzee aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Aliona aibu kama fundi, na hilo lingepita. Lililomkaba ni lile jingine: kwamba huko mbali, katika nyumba asiyoijua, kuna watu wawili ambao mara moja kwa mwaka walikuwa wanamhurumia.

Kesho yake Kapteni alisikiliza yote, akatikisa kichwa. "Achana nayo. Mtu anakudanganya kwa heshima, wewe unataka kumkamata shati?"

"Nimekosea vipimo, Kapteni. Makosa ni yangu."

"Ndiyo, umekosea. Sasa mwakani shona kubwa, yaishe."

"Kubwa kiasi gani? Simjui mtoto. Nilikuwa nadhani namjua."

"Basi kadiria."

"Nikadirie mjukuu wangu kama nakadiria shuka?"

Kapteni akasema kwa sauti ya chini ambayo si kawaida yake, "Na ukimwaibisha yule bwana akanyamaza moja kwa moja? Una jumbe mbili kwa mwaka, ndugu yangu. Mimi mwenyewe sina hata hizo mbili. Usizichezee."

Hilo ndilo lililokuwa limemkesheza. Mbili ni chache, lakini kati ya mbili na hakuna kuna umbali mkubwa sana. Mkwe hakuwa na sababu ya lazima ya kuendelea kumwandikia. Mke aliyewaunganisha hayupo, lugha hawana, na kitu pekee kilichokuwa kinakwenda na kurudi baina yao ni gauni. Ukikishika hicho ukasema ni kibovu, unabaki umeshika nini?

Mzee akachukua mkasi, akauweka, akauchukua tena. "Nikiendelea hivi," akasema, "nashonea marehemu."

Kapteni alikunja ubao wake wa drafti, akamwuliza wapige simu siku gani.

Wakapiga Jumapili, saa kumi jioni, ambapo kwa wale wa kule ilikuwa bado asubuhi. Kapteni alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, amechana hata nyusi. Mzee aliegemeza simu kwenye debe la vifungo juu ya meza ya kukatia, na mbele yake akaweka karatasi yenye sentensi moja. Alikuwa ameisoma siku tatu. Simu iliita mpaka akaanza kuomba isipokelewe.

Ikapokelewa. Mwanamume mrefu, ndevu zimeanza mvi, yuko jikoni kwake, kikombe mkononi. Alipoona ni nani alisimama wima, kama vile mzee ameingia kwa mlango. "*¡Suegro!*" Kikombe kikamwagika kidogo. Kapteni akasalimia kwa niaba ya wote, akauliza habari za afya, za kazi, za hali ya hewa, na angeendelea mpaka magharibi kama mzee asingempiga kiwiko.

Mzee akavaa miwani, akasoma. "*El vestido no le queda.*" Gauni halijamkaa.

Mkwe akacheka cheko la haraka. "*Sí, sí, le queda bien, muy bien...*"

Mzee akainua kidole. Kwa hapo hakuhitaji lugha. Akashika mshono wa bega la shati lake mwenyewe, akaonyesha unapotakiwa kuwa. Halafu akauvuta mpaka shingoni, akaonyesha ulipokuwa kwenye picha. Akaonyesha kwapa. Akaonyesha mgongo, na kwa vidole viwili akafanya zipu inayopanda ikakwama. Mwisho akashika upindo wa shati, akaigiza mtu anashona kwa sindano, vibaya, anajichoma.

Mkwe akafunika uso kwa mkono mmoja. Alipoanza kuongea aliongea akiwa ameangalia meza, na Kapteni akawa anatafsiri kipande kipande, bila mzaha hata mmoja.

"Anasema hakujua namna ya kukwambia. Anasema unamwambiaje fundi kwamba amekosea vipimo, tena fundi mwenyewe amefiwa na mtoto. Anasema... ngoja. Anasema mwaka wa kwanza alidhani utashona jingine kubwa mwenyewe. Alipoona la pili limekuja dogo vile vile, alielewa unampima nani."

Mzee alikuwa anaona haya na anataka kulia. Alikuwa amedhani siri ile ni ya kwake peke yake.

Nyuma ya mkwe mlango ukafunguka, akaingia msichana, nywele hazijachanwa, amevaa fulana ya baba yake. Akainama mbele ya simu mpaka likaonekana jicho na pua tu. "Babu," akasema. Neno hilo mama yake alikuwa amemfundisha. Halafu akaongea haraka haraka, na baba yake akajaribu kumnyamazisha, akashindwa.

"Anasema hakuna hata moja linalomkaa," Kapteni akatafsiri. "La kwanza lilichanika kwapani. Baba yake alitaka kuyagawa kwa mtoto wa jirani, yeye akakataa. *Me los quedo.* Anasema anayaweka, ni yake, hayatoki ndani ya nyumba."

"Neno ni lile lile?"

"Lile lile. Hilo nilikuwa nimelisahau. Ukichukua kitu ukakifanya chako, unasema hivyo."

Mzee alilitafuta daftari la kazi ili aandike, akaandika pembeni ya ukurasa, mistari imepinda, yeye mwenyewe asingeweza kuisoma. Kisha akapangusa miwani na kumwambia Kapteni, "Mwambie mkwe alete futi. Tunapima sasa hivi."

Mkwe alitoka, akarudi na tepu ya chuma, ile ya kupimia kuta. "Huyo anampima mtoto au mlango?" mzee akafoka, na kwa mara ya kwanza wote wanne wakacheka, kila mmoja kwa sababu yake. Tepu ilikuwa baridi, mtoto akawa anaruka kila ikimgusa. Mzee alionyesha kwenye mwili wake: hapa mpaka hapa. Chini kidogo. Asibane pumzi, mwambie apumue kama kawaida. Kifua kilipimwa kwa kamba ya viatu, kisha kamba ikawekwa kwenye tepu. Mkwe alisoma namba polepole, Kapteni akazigeuza Kiswahili, mzee akaandika. Kila namba iliipita ile aliyoitarajia. Huyu hakuwa na mabega ya mama yake. Alikuwa na mabega ya watu wengine, watu wa upande wa baba, ambao mzee hatawaona kamwe.

Mwisho wakapima urefu. Mtoto akaegemea fremu ya mlango, baba akamwekea kitabu kichwani. Sentimita mia moja thelathini na saba. Kabla mzee hajamaliza kuandika, mtoto akasema jambo jingine, na Kapteni akacheka mpaka akakohoa.

"Anasema magauni hayapendi. Anavaa kwa sababu yako. Anataka suruali, mifuko minne, na mmoja uwe na kifungo."

"Mifuko minne anaweka nini?"

"Anasema hiyo ni siri."

"Mwambie atapata mitano."

Mtoto akaonyesha vidole vitano, akauliza kitu, lakini picha ikaganda akiwa mdomo wazi. Sauti ikakatika. Kapteni akajaribu kupiga tena mara tatu, mtandao ukakataa. Hakuna aliyekuwa ametaja siku ya kuongea tena. Kapteni alimgusa mzee begani, akasema njaa inamuuma, akapanda chumbani kwake. Mzee alimsikia akitembea juu ya dari ya kinyozi, kisha kukawa kimya.

Barabarani maduka mengi yalikuwa yamefungwa kwa Jumapili. Mzee aliketi akaangalia ile namba ya mwisho. Ilimsumbua. Fundi anazijua namba zote, lakini hii alishindwa kuiona ni mtu wa kimo gani. Miaka yote wateja walipomwuliza mjukuu wake amefikia wapi, alishusha mkono mpaka kiunoni na kusema, yuko hapa.

Akasimama. Akakanyaga ncha ya futi kwa kidole cha mguu, akaivuta juu mbele ya kioo mpaka ikafika mia moja thelathini na saba, akaishikilia hapo. Kiuno kikapitwa, kifua kikapitwa. Vidole vyake vilisimama juu kidogo ya bega lake mwenyewe. Kama mtoto angekuwa amesimama pale, mzee asingehitaji kuinama kumkumbatia. Angegeuza uso kidogo tu, na kichwa kingekuwa hapo.

"Umekuwa mkubwa," akasema, kwa sauti, kwa Kiswahili, na mle dukani hamkuwa na wa kumwitikia.